Nyie Wapya wa Kliniki, Mimba Ina Wiki Ngapi?

Wadogo zangu wakunga mlioletwa kliniki ya wajawazito mwezi huu, nawapenda, ila mtanipandisha presha. Mama kaja hudhurio la kwanza, anasema mimba ina miezi saba, mmoja wenu kazidisha mara nne, kaandika wiki 28, kaita mwingine. Mama anahesabu miezi ya kalenda! Miezi saba ni wiki 30 na ushee. Kwa hesabu yenu hiyo, miezi tisa ni wiki 36, yaani kila mjamzito nchi hii anazaa njiti.

Haya, chukueni kalamu.

1. LNMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Si siku ilipokatika, wala si mwezi alioikosa. Ulizeni ilianza lini, na ilikuja kama kawaida yake au matone tu, maana matone ya mwanzoni mwa mimba wengi huyaita hedhi na hapo mwezi mzima umepotea. Ulizeni mzunguko wake, kama ananyonyesha, na kama alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Wa sindano anaweza kukaa miezi haoni kitu, akashika mimba humo humo. Huyo mpelekeni picha (ultrasound) mapema, kabla ya wiki 24, msimbebeshe tarehe ya kubuni.

Asiyekumbuka tarehe hukumbuka mambo. Bara ulizeni kupanda mahindi, shule kufungwa, msiba wa jirani. Huku pwani Ramadhani inashinda kalenda yoyote ya ukutani: mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, na siku alizokula ni deni la kulipa, kwa hiyo anazijua moja moja.

2. Kichefuchefu, uchovu, matiti kujaa, kwenda haja ndogo kila saa, hata kukosa siku, vyote ni vya kushuku tu. Malaria inaweza kukuletea kichefuchefu, UTI ikakupeleka chooni, mawazo yakafunga hedhi. Mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo ina nguvu zaidi, lakini hata mimba zabibu, ile ambayo kondo limegeuka vishada, huitoa. Uhakika ni mapigo ya moyo wa mtoto, mtoto kuonekana kwenye picha, au wewe mkunga kumpapasa kwa mkono wako. Nayarudia haya ya darasani kwa sababu kuna kadi imeandikwa "mtoto anacheza" kwa primi, yaani mama wa mimba ya kwanza, wa wiki 12. Primi husikia mtoto kwenye wiki ya 18 hadi 20, aliyekwisha kuzaa anaweza kuanza wiki ya 16. Kinachocheza wiki ya 12 ni maharage.

3. Kimo cha mimba, yaani mji wa mimba umepanda hadi wapi tumboni: mama akakojoe kwanza, kibofu kilichojaa kinakupandishia tumbo. Kwenye kinena ni wiki 12, kitovu 20 hadi 22, chembe ya moyo 36, kisha tumbo hushuka. Kuanzia wiki 24 hivi sentimita hukaribiana na wiki, tofauti isizidi mbili. Utepe uwekeni namba zikitazama chini, mzisome mkishamaliza, la sivyo jicho litapata linachotaka. Kimo kikizidi fikirieni mapacha, maji mengi, uvimbe. Kikipungua, mtoto hakui, maji yamepungua au amekingama. Nyie kila mara mnasema tarehe ndiyo mbovu, kwa kuwa tarehe ndiyo inafutika.

4. Hii ya nne nimeilipia.

Nikiwa mpya kama nyie nilimpokea mama mmoja, mimba ya tatu, aliyenieleza vizuri kuliko kitabu: Ramadhani alifunga yote isipokuwa tano za mwisho, Idi ikamkuta bado kwenye siku zake. Idi ilikuwa Septemba 10, kwa hiyo LNMP Septemba 5, EDD (tarehe ya kutazamia kujifungua) Juni 12. Kimo kilikubaliana naye kila hudhurio, mpaka wiki ya 35 kikakwama. Nikamtuma picha. Karatasi ikarudi na wiki 31, tarehe ya Julai, imechapwa kwa mashine. Nikaona aha, mama kakosea. Nikapiga mstari juu ya Juni 12 kwa kalamu nyekundu, nikaandika ile ya Julai, nikajiona mtaalamu.

Picha ya miezi ya mwisho inaweza kupotoka hata wiki tatu, na inakadiria umri kwa kupima ukubwa. Mtoto aliyedumaa itamwita mchanga. Nilikuwa nimejifunza hilo, na mtihani nilifaulu.

Mwishoni mwa Juni akaja: "Nesi, mtoto kapunguza kucheza, na siku zangu zimepita." Nikaweka fetoskopu, kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, moyo upo, nikamwonyesha kadi. Mama, bado hujafika hata wiki 38, nenda kapumzike. Alikuwa anagusa wiki ya 42. Usiku wa pili yake akaletwa leba, maji ya kijani mazito kama mlenda. Mtoto alitoka mwembamba, ngozi kavu inachubuka, kucha zimepita vidole, kimya. Tulimpuliza kwa ambu, ule mfuko wa kupumulishia, mpaka mkono wangu ukafa ganzi ndipo akakoroma, halafu akalia. Mama yake akanitazama, akasema, "Si nilikwambia, nesi?" Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo LNMP ya uhakika ikikubaliana na picha ya mapema, haiguswi tena. Picha ya baadaye ikitofautiana, hiyo ni taarifa ya mtoto, mwiteni daktari.

5. Andikeni tarehe mmeipata wapi: hedhi, picha ya wiki ngapi, au kimo. Wa leba wanaisoma hiyo saa nane usiku wakiamua kama dexa, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, inahitajika, na nyie wenyewe mnaihitaji kujua kama SP, dawa ya kukinga malaria, imefika wakati, maana haitolewi kabla ya wiki 13.

6. Kupata EDD, kwenye LNMP jumlisha siku 7, ongeza miezi 9, halafu tazama ulichoandika. Aliyempa mama EDD ya Februari 30, najua LNMP ilikuwa Mei 23 na najua ulifikaje huko. Kadi iko mezani kwangu, njoo uirekebishe kabla mama hajarudi Alhamisi.