Anajua jema na baya, mbona anakosea akiwa na wenzake?

Dada mleta uzi, unauliza inakuwaje kijana wako wa miaka 15, mwepesi darasani, achukue hela ya mchango wa shule akabeti na wenzake. Nafundisha sekondari hapa Mwanza, nikujibu kwa ninayoyaona.

Akili ya kupima mambo anayo. Mwanasaikolojia Piaget alieleza kuwa kuanzia kama miaka 11 au 12 mtoto huanza kuwazia hata yasiyokuwepo. Mimi huwapa wanafunzi kisa: baba wa rafiki yako anavuta kokoro usiku, nyavu haramu inayozoa hadi samaki wachanga, na mahitaji ya shule yanatoka humohumo. BMU, kile kikundi cha kulinda uvuvi mwaloni, wakikuuliza, utasema? Wengi wa kidato cha kwanza: "Nikificha nitakamatwa na mimi." Wakubwa kidogo: "Sheria ni sheria." Binti mmoja akauliza, "Tukimaliza sangara wachanga leo, mwakani pale mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki, watauza nini?" Hizo ndizo ngazi za kupima jema na baya alizozieleza mwanasaikolojia Kohlberg: kuogopa adhabu, kushika sheria, hadi kuwaza haki ya wote. (Utafiti wake wa 1958 ulikuwa wa wavulana tu, wa Chicago. Carol Gilligan alimkosoa mwaka 1982 kwamba aliwaacha wasichana, na nikimkumbuka yule binti naona Gilligan alikuwa na hoja.)

Sasa yule wa "sheria ni sheria" nikamwona Jumamosi barabara ya Makongoro, katikati ya mshikaki kwenye boda, helmeti hakuna. Hakusahau alichosema darasani, ila wenzake walikuwepo. Watafiti Gardner na Steinberg, 2005, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: vijana wakitazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi kuliko wakiwa peke yao, wa miaka 24 kwenda juu hawakubadilika kivile.

Kwa hiyo mwanao mahubiri anayajua. Na wanaosema humu achapwe, kiboko kitamrudisha kwenye hesabu ya kidato cha kwanza: nisikamatwe tu. Atabetia kwa simu ya rafiki.

Kaa naye akiwa ametulia. Nani alitoa wazo? Ulitaka kusema nini ukashindwa? Usimmalizie sentensi. Kisha mpangie pa kutokea mapema: mruhusu akusingizie, "maza anakagua simu yangu kila jioni." Vijana wenzake wataipokea hiyo haraka kuliko habari za maadili. Na mchango wa muhula huu ulipe mwenyewe, hela isipitie mkononi mwake.