Gari litakalombeba nyanya yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema akiba imetosha, umechoka kuazima magari ya watu, na sasa unataka gari lenye roho. Umebakisha mawili. Moja ni Subaru Impreza WRX STI ya 2010 iliyo huko Kisumu, gia za mkono, mwenyewe ameishusha ikaribie lami na kuifunga eksozi nene kama bomba la maji. La pili ni Toyota Mark X ya 2012 iliyo kwenye yadi huku Nakuru, injini ya lita 2.5, otomatiki. Halafu ukauliza: mama, nichague mbio au starehe?

Umemuuliza muuza spea. Miaka yote hii nyuma ya kaunta, gari silijui kwa picha. Nalijua kwa kile mwenyewe anachokuja kuomba, na kwa uso alio nao akiomba.

Usidhani nitakukataza Subaru kwa kuwa wewe ni binti yangu. Mwaka 1997 dereva Colin McRae aliposhinda mbio za Safari Rally kwa Impreza, mimi na baba yako tulisimama kando ya njia tukala vumbi hadi kwenye kope. Ugonjwa huo umeurithi, sikulaumu. Lakini tangu mbio za dunia zirudi Naivasha mwaka 2021 nawe umekuwa ukienda kutazama, hebu kumbuka magari yale yanavyokuwa yakipita Kedong, ile njia yao ya Naivasha. Yameinuliwa. Springi zake zina safari ndefu, gurudumu linashuka shimoni na kupanda mwili wa gari ukiwa umetulia. Hakuna timu inayoleta Kenya gari lililolalia lami. Sasa huyo kijana wako wa Kisumu amefunga springi fupi apate gari la rali, na amepata kinyume chake.

Hapo ndipo swali lako linaponitatiza. Umeweka mbio upande huu na starehe upande ule, kama chai na kahawa. Kwenye barabara yako wewe, kutoka Kisumu kupitia Ahero, Kericho, Londiani hadi Mau Summit, kisha ushuke Salgaa uje nyumbani, gari gumu haliwi la haraka. Kila tuta unalipanda kwa mshazari kama unayevuka mto kwa mawe. Kila kiraka cha lami unakikwepa. Mwenye gari linalonesa anapita hapo akiongea na abiria wake.

Tazama matairi tu. Hiyo Subaru STI ilitoka kiwandani na 245/40 ya rimu 18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni asilimia ya huo upana, kwa hiyo ukuta wa tairi ni milimita 98. Mark X ya kawaida huvaa 215/60 ya rimu 16, ukuta milimita 129. Hizo milimita 31 za mpira na hewa ndizo zinazokutana na shimo kabla rimu haijakutana nalo. Hapa dukani nauliziwa rimu ya 18 moja, moja tu, na mtu mwenye uso wa kufiwa. Ya 16 sikumbuki mara ya mwisho.

Nikusimulie kitu ambacho baba yako hapendi kikisemwa. Kabla hujaanza shule alinunua gari la kushushwa, jeupe, zuri, hata mimi nililipenda. Tukaenda Kisumu kumchukua nyanya yako aje akae kwetu. Mzee wa watu aliwekwa nyuma, mto mgongoni. Hadi Kericho hakusema neno, nikadhani amelala. Kumbe anahesabu matuta. Tulipofika Londiani Junction akamgusa baba yako begani, akasema kwa upole kabisa: "Baba, nishushe hapa. Wewe tangulia, mimi nitapanda matatu." Akashuka kweli, na mto wake. Akapanda matatu. Nasi tukamfuata nyuma hadi Nakuru, na hiyo matatu ikatuacha Salgaa kwenye matuta.

Gari liliuzwa mwezi uliofuata.

Lakini nisimwonee huyo Subaru. Kuna mahali ana haki. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, na ukifika Mau Summit umepita 2,400. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu. Mark X inaandikwa nguvu za farasi 203. Huko juu karibu hamsini wamebaki bondeni. STI ya Japani ina 308, na turbo inaisukumia hewa, kwa hiyo mlima hauisikii sana. Tena inavuta kwa magurudumu yote manne. Mvua ya Kericho unaijua. Mark X inasukuma kwa nyuma, na matairi yakiwa yamekwisha hiyo mvua itakuchezesha dansi. Kupita lori kwenye mwinuko ukiwa na Subaru ni raha ambayo siwezi kukudanganya kuwa haipo.

Ila raha hiyo ina mkanda. Taimingi belti ya injini ile, mkanda unaopanga mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika vali zinakutana na pistoni, na hapo hununui belti, unanunua injini. Mark X ina cheni badala ya mkanda. Kisha petroli: STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu kuliko super yetu ya kawaida, na mtu akiilisha chochote huku ameongeza presha ya turbo, inanoki, yaani petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Nyingi zinazokuja kuomba beringi za konrodi, ile mikono ya pistoni, ni za vijana waliochezea kompyuta ya gari wakasahau kupima oili. Mark X nayo haina utakatifu. Injini yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi, zinashika masizi na gari linatetemeka likisimama. Bushi za mbele, zile raba za viungo vya magurudumu, nazo naziuza kama mandazi. Lakini mwenye bushi mbovu huja akitembea. Mwenye Subaru iliyonoki huja na breakdown, gari la kuvuta.

Ukinibana nikuchagulie, nasema Mark X, matairi yake yakiwa yale manene, na pesa zitakazobaki uweke shokabsoba mpya na bushi nzuri badala ya redio. Ningebadili neno kwa sharti moja tu: huyo wa Kisumu awe na springi zake za kiwandani bado, na injini isiwe imeguswa. Muulize springi za zamani ziko wapi. Akisema alizitupa, jua na mengine aliyatupa.

Ukienda kuiona nenda asubuhi, bila kumpigia kwamba umekaribia. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu; ikiwa na joto, amekwisha kuiamsha ili usisikie ikigonga. Iwashe, iache ingurume dakika tano, halafu kanyaga: moshi wa buluu usije nao. Kagua matairi yote manne yawe ya aina moja na yameisha sawa, kwa sababu kwenye Subaru tairi moja jipya linaitesa difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tarehe ya tairi ni zile tarakimu nne ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa pedali ya klachi ukiwa umelika na dashibodi inasoma kilomita 70,000, cheka, uondoke. Logbuku, hati ya umiliki, isome jina la anayekuuzia, na ulihakikishe NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla hujatoa hata shilingi ya kufunga bei.

Ile ya yadi nitaipitia mimi kesho na fundi wangu, nitailalia chini mwenyewe.

Wewe mwombe huyo kijana aje nawe Nakuru Jumamosi, yeye akishika usukani, mpitie barabara ile ile. Duka nitafunga saa saba. Nyanya yako nimemwambia kuna gari la kujaribiwa hadi Njoro na kurudi. Amekubali, lakini anauliza kama kuna matatu za Njoro jioni.

Mama yako