Usisaini huo mkataba: tuma fomu 21-0966 ya nia ya kudai leo, kampuni baadaye (au usiiguse kabisa)

Mkuu, weka kalamu chini. Umeandika kwamba umetoka Army miezi kumi iliyopita, uko Texas, una goti na mgongo vinavyouma na masikio yanayolia, na kuna kampuni ya kuandaa madai ya fidia kwa VA (idara ya maveterani ya Marekani) imekuambia "subiri kwanza, tukusanye vyeti vya daktari, faili likikamilika ndiyo tupeleke VA". Halafu ukauliza kuhusu kodi ya nyumba (ile ya serikali, si pango), namba za gari za maveterani na ada ya chuo ya mtoto. Hayo mengine yatakungoja. Hilo neno "subiri" ndilo linalonikosesha usingizi.

Nami nilisaini mkataba wa aina hiyo. Na kabla hamjaniambia sikusoma: nilisoma kurasa zote. Tatizo ni kile ambacho hakikuandikwa humo, yaani tarehe.

VA wana sheria moja inayobeba pesa zote. Madai yako yakiwafikia ndani ya mwaka mmoja tangu utoke jeshini, fidia inahesabiwa kuanzia siku iliyofuata ile uliyotoka. Ukichelewa hata kwa siku moja, wanahesabu kuanzia siku waliyopokea karatasi yako. Chukua DD-214 yako, yaani cheti cha kutoka jeshini, ile nakala yako iliyoandikwa Member-4, uangalie kisanduku 12b. Tarehe iliyomo ndiyo saa yako, na imebakiza miezi miwili tu.

Sasa piga hesabu. Kwa viwango vya 2025, kiwango cha ulemavu cha asilimia 70 kwa mtu asiye na mke wala mtoto kilikuwa dola 1,759.19 kwa mwezi. Ukiteleza mwaka ukapita, malimbikizo ya miezi kumi na moja ni dola 19,351.09, na hakuna rufaa itakayoyarudisha kwa sababu eti ulikuwa unangoja barua ya daktari. Juu yake weka ada ya hao jamaa. Mikataba ya namna hii kawaida hudai mara tano ya nyongeza ya mwezi, kwa hiyo ni dola 8,795.95 nyingine. Unawalipa wakupotezee pesa!

Na wanajua wanachofanya. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtu yeyote kutoza ada ya kuandaa madai ya mara ya kwanza. Hata wakili aliyeidhinishwa na VA hawezi kudai malipo mpaka VA watoe uamuzi wa kwanza. Ila adhabu ya jinai kwa wanaokiuka iliondolewa 2006, ndiyo maana wamejaa kila mahali wakijiita "washauri". Ukitaka kuwajua, waombe wasaini fomu 21-22a kama wawakilishi wako mbele ya VA. Watakataa, kwa sababu hawana idhini. Badala yake watakuomba nywila ya akaunti yako ya VA. Usitoe, hata wakikuambia ni ya siku moja.

Aliyenipeleka mimi alikuwa mtu wa nyumbani, tunasali pamoja, na alikuwa analipwa kwa kila kichwa anachopeleka. Hili linaniuma kuliko pesa. Wengi wetu tulioingia jeshi la Marekani kutoka Kenya na Tanzania hatuna baba wala mjomba aliyewahi kupitia VA, kwa hiyo tunamwamini wa kwanza anayetusemesha Kiswahili. Madalali wanalijua hilo vizuri.

Fanya hivi, na ufanye leo. Fomu 21-0966 ni ya kutangaza nia ya kudai. Haihitaji cheti, barua ya daktari wala maelezo ya goti. Inashika tarehe, na kuanzia hapo una mwaka mmoja wa kuleta madai kamili kwa fomu 21-526EZ. Kwa kuwa hujamaliza mwaka tangu utoke, ukiituma sasa, tarehe yako inarudi mpaka siku ile iliyofuata 12b. Unaweza kuianzisha kwa simu ya VA, kwa karatasi, au kwa kuingia kwenye tovuti yao na kuanza kujaza madai. Kwa njia ya tovuti, usifunge ukurasa kabla hujaona ujumbe unaosema nia yako imepokelewa na itaisha lini. Piga picha ule ujumbe.

Watu wanaharibu hapa: kwenye karatasi kuna visanduku vya aina ya malipo. Chako ni cha fidia. Ukiweka alama kwenye pensheni pekee, fidia haijalindwa. Usisahau kusaini. Halafu nia moja hubeba madai kamili mamoja tu ya fidia, ingawa ndani yake unaweza kuweka maradhi mengi. Ukipeleka goti peke yake kwa haraka, nia imetumika. Mgongo na masikio yakija baadaye yatapewa tarehe ya baadaye. Weka yote pamoja.

Baada ya hapo nenda ofisi ya maveterani ya kaunti yako. Texas, kaunti yenye watu 200,000 na zaidi inatakiwa kisheria kuwa nayo, na nyingi ndogo pia wanayo. Ni bure. Utasaini fomu 21-22 ya kuteua mwakilishi, na jina la mwakilishi mara nyingi litakuwa Texas Veterans Commission, tume ya maveterani ya jimbo. Beba DD-214, kumbukumbu za matibabu za jeshini, cheti cha ndoa na vya watoto, maana kuanzia asilimia 30 wategemezi wanaongeza fidia. Kama ulikuwa "unavumilia" na hukwenda zahanati ya kikosi, tafuta wenzako wawili waliokuona ukichechemea waandike kwenye fomu 21-10210: lini, wapi, waliona nini. Wakikuita kwa uchunguzi wa daktari wa VA, usikose, na usijikaze. Eleza hali ya siku mbaya.

Kodi ya nyumba kwa ufupi: asilimia 100 inafuta kodi yote ya nyumba unayoishi. Chini ya hapo wanapunguza thamani inayotozwa: dola 5,000 kwa asilimia 10 hadi 29, 7,500 kwa 30 hadi 49, 10,000 kwa 50 hadi 69, na 12,000 kuanzia 70. Maombi yanakwenda ofisi ya kaunti inayothamini majumba, si kwa mtoza kodi: fomu 50-114 kwa msamaha wa asilimia 100, 50-135 kwa mengine. Ukichelewa bado wanapokea hadi miaka mitano nyuma, lakini wanaangalia barua ya VA imekupa asilimia hiyo tangu lini. Unaona? Tarehe tena.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujalala: 21-0966, kisanduku cha fidia, saini, picha. Kisha rudi hapa utuandikie tarehe waliyokupa.