Mwanangu, keki hufunuliwa kwa pua

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya kusagisha mahindi, nikaja kuurudia nyumbani kwa sauti ili mama yako asikie. "Baba, keki ya mtoto imezama katikati mara mbili. Nimekosea wapi? Au niagize tu, kuna dada hapa mtaani anatengeneza kwa elfu sabini?" Mama yako akasema nikupigie simu hapo hapo, maana sherehe ni Jumamosi. Lakini kwenye simu huwa unaniwahi, "sawa baba, sawa baba", kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kwa hiyo naandika, na barua itakuja pamoja na mzigo.

Kwanza, umefunua. Usinibishie. Tangu mdogo mkono wako haukuwa na subira na mfuniko, hata maharage ulikuwa ukiyachungulia. Najua una oveni yenye kioo, lakini mlango umeufungua. Keki hufunuliwa kwa pua, si kwa macho. Harufu ikitoka jikoni ikafika barazani, kaa tena kidogo, umalize hata kikombe cha chai, ndipo uinuke.

Ila nimekaa nikafikiri, nikaona huenda nakuonea. Dodoma mko juu, kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na sisi huku tuko bondeni karibu na pwani. Hewa ya huko ni nyepesi, hata maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Gesi ya bekingi pauda inatanuka upesi kuliko keki inavyoiva, inaipandisha juu, halafu inaiacha haina cha kuishikilia. Kipimo ulichojifunzia jikoni kwangu ni kingi mno kwa huko. Kama ulikuwa ukiweka vijiko viwili vya chai, weka kimoja na nusu, na ongeza maziwa kidogo kwa sababu ya ule ukavu. Kwa hiyo labda hukufunua. Lakini umefunua.

Vipimo vingine havibadiliki. Mayai manne na maganda yake upande mmoja wa mizani, upande wa pili sukari mpaka vilingane, kisha siagi vivyo hivyo, kisha unga. Ile mizani yangu ya ufito na vifuu viwili ipo bado, imening'inia pale pale stoo. Kaka yako alitaka kuitupa alipokuja Krismasi, tukakosana kidogo.

Sasa hilo la kuagiza. Ulipotaja elfu sabini sikuiwaza bei. Niliiwaza Januari ya 1998.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Mvua ya El Nino utakuwa unaikumbuka, maana choo kilibomoka na mbuzi wa bibi yako akalala nasi sebuleni siku nne. Ulikuwa unatimiza miaka saba. Wiki mbili kabla ulialikwa kwenye sherehe ya binti wa meneja wa shamba la mkonge, ukarudi huna habari nyingine: keki ina maua ya waridi, keki imeandikwa jina, keki imeletwa na gari kutoka Tanga mjini ndani ya boksi. Hilo boksi ndilo lililokuvuruga kuliko keki. Ulinichorea chini kwa kijiti, na utepe wake.

Nami nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Mwanamume peke yangu katika somo lile, wilaya nzima ilijua. Nilikuwa nikiwafundisha wavulana kutarizi vitambaa vya makochi kwa mshono wa mnyororo, na wasichana kugonga misumari. Nikasema, je, nitashindwa na boksi?

Sukari laini ya kupambia haikupatikana. Nikaitwanga ya kawaida kwenye kinu mpaka ikawa vumbi, nikaichekecha kwa mtandio mweupe wa mama yako. Hajanisamehe mpaka leo, na ndiyo sababu nikisema neno "mtandio" anatoka nje. Rangi nikaipata kwa kuchemsha rosela, ikaja waridi hasa, waridi ya midomo ya mtoto. Ute wa mayai nikaupiga kwa uma mpaka bega likafa ganzi. Koni ya kuandikia ilikuwa karatasi ya daftari iliyopakwa siagi. Jina lako nililiandika lote, ila herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikateremkia ubavuni.

Lakini shida ilikuwa moto. Mkaa wote ulikuwa umelowa, ukiuwasha unalia tu na kutoa moshi. Nikageukia vifuu. Sufuria kubwa yenye mchanga jikoni, sufuria ndogo ya keki ndani yake, bati juu, na vifuu vinavyowaka juu ya bati. Kifuu, mama, hakina tabia ya mkaa. Kinawaka kwa hasira na kuzimika ghafla, unatakiwa ukae nacho kama mgonjwa. Nilikaa. Sikufunua, ingawa moshi ulikuwa ukinitoa machozi na pua yenyewe haikuwa na kazi tena. Ngozi ya juu iliungua upande mmoja, nikaikata, nikaila mwenyewe na chai, aisingi ikafunika aibu.

Halafu nikatengeneza boksi. Kadibodi ya maboksi ya chaki, nikaigeuza upande safi uwe nje, nikaigandisha kwa uji wa muhogo, nikaikunja pembe kwa rula. Utepe ulikuwa katani niliyoichana nyembamba na kuichovya kwenye ile rosela iliyobaki. Kusema kweli boksi lile lilikuwa zuri kuliko keki. Nimetengeneza vitu vingi maishani, tiara za chelewa, magari ya waya yenye magurudumu ya malapa, bendera za karatasi za kipaimara cha kaka yako ambazo padre aliziomba akabaki nazo, lakini boksi lile likinijia usiku bado natabasamu.

Watoto wakaja, wamelowa, matope mpaka magotini. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, nimebeba jiko. Nikamsikia binti wa meneja akiuliza, "Mmenunua wapi?" Nawe hukusita hata kidogo. "Tanga mjini. Imekuja na gari."

Mama yako alinitazama kupitia mlangoni. Nikajifanya nafukuza kuku.

Hujui kwamba nilisikia. Sijawahi kukwambia, na sikuandiki ili uombe radhi. Ulikuwa na miaka saba. Nimejiambia hivyo mara nyingi: alikuwa na miaka saba. Tena kama fundi, ni cheti gani kitazidi hicho? Mtoto aliyekula keki ya mjini wiki mbili zilizopita ameila yangu na hakutofautisha. Barabara zenyewe zilikuwa hazipitiki, na bado aliamini! Siku nyingine nikiwa na raha naihesabu kuwa ndiyo sifa kubwa niliyopata katika kazi hii.

Siku nyingine siihesabu hivyo. Walimu wenzangu walikuwa na jina walilonipa, la utani, la kike, wakiniita hivyo hata mbele ya wanafunzi. Mimi nilicheka nao, mshahara ukichelewa unacheka na kila mtu. Lakini ninyi mlikuwa mnasoma pale pale. Nilikuwa nikijiuliza kama ulilisikia, na kama ndiyo maana ile keki ilipaswa itoke mahali pengine, popote, mradi si mikononi mwa baba yako.

Halafu najijibu. Boksi lilitengenezwa na nani? Mimi ndiye niliyeanza kudanganya kwa kadibodi, wewe ukamalizia tu kwa mdomo. Ningeiweka keki kwenye sinia na kawa juu yake, kama tulivyofanya miaka yote, ungesema nini? Usingesema kitu. Na yule mwanasesere wa nywele za katani, ulilala naye mpaka nywele zikaisha kichwani, na hukumwambia mtu kwamba alitoka mjini. Uliwaambia wote kwamba baba amemshona, hadi mwalimu mkuu akaja kuniulizia wa mjukuu wake. (Ningekuandikia hapa habari za mkonge ulioletwa kutoka Florida mwaka 1893, vichipukizi 1,000 vikasafirishwa na 62 tu vikafika vikiwa hai, lakini najua wewe na kaka yako mlikuwa mnaimalizia hadithi hiyo kabla yangu, tena kwa sauti yangu.)

Unaona nimekwenda mbali. Umeniuliza ununue au uoke. Sisemi. Nyumba ni yako, na kazini unatoka saa kumi na moja, ukifika mtoto analia, mume naye anauliza chakula. Huyo dada wa elfu sabini naye ni fundi wa mikono, kumpa kazi si uvivu. Ni kumlipa mtu kama mimi, tofauti ni kwamba yeye amekuwa na akili ya kudai. Nusu ya harusi za hapa Muheza miaka ile zilikula keki yangu, nami nikarudi nyumbani na ahsante na kipande cha pilau kwenye jani. Mama yako amenikumbusha hilo sasa hivi bila kuulizwa. Kwa hiyo agiza. Hapana, sijasema uagize. Sisemi chochote, mwenyewe umesema umri huu sikuhizi najiingiza kwenye kila kitu.

Ila mtoto wa mwaka mmoja hajui boksi ni nini.

Basi. Mzigo utafika Jumatano jioni, nimeongea na konda. Ndani kuna machungwa kumi na mawili. Kwaruza ganda la mawili kwenye mchanganyiko, sehemu ya njano tu, ile nyeupe ni chungu. Kuna bendera za karatasi, mita kumi, nimezitunga kwenye uzi wa katani. Kuna sufuria ndogo, usiisugue kwa waya wa chuma, ule weusi wake ndio unaozuia keki isigande. Na kuna mfuko wa unga wa kilo tano uliofungwa mara mbili, si unga, usije ukausonga. Ni mchanga. Oveni yako iache ipumzike, washa jiko uani, makaa machache chini na mengi juu.

Mama yako anacheka tangu mchana kwamba nalipa nauli ya mchanga uende Dodoma. Wa huko siujui. Huu nimeuosha mara tatu na kuuchekecha, na umeoka keki zenu zote, hata ile. Ukimaliza uache upoe mpaka kesho yake, urudishe mfukoni. Na kamba usiikate, mafundo nimeyafunga ya kufunguka kwa mkono. Nirudishie.

Baba yako