Barua kwa mwanangu: doti usiitenganishe

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mambo mawili: utaitambuaje kanga ya zamani kabla hujatoa pesa, na utaitundikaje ukutani bila kuiharibu. Nimefurahi umeanza na kanga. Wengi hukimbilia masanduku ya njumu na midila ya shaba, huku kanga za bibi zao zinachanwa kuwa matambara ya kupigia deki.

Tafuta doti kamili. Kanga huchapwa vipande viwili mfululizo, mnunuzi ndiye hukata na kupinda. Ukibahatika kupata doti ambayo haijakatwa bado, iache hivyo hivyo, maana ukishaikata huwezi kurudi nyuma. Kipande kimoja kinunue tu kama jina lake au mchoro wake umekushika kweli.

Itandaze kitandani penye mwanga, usome pindo (mchoro wa ukingoni), mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yaliyochapwa). Jina la herufi za Kiarabu ni dalili nzuri ya ukongwe. Alama za kiwanda nazo zisome kwa akili. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza kazi 1968, basi kanga yenye alama yake haiwezi kuwa ya wakati wa Uhuru, hata muuzaji aape. "Mali ya Abdulla" ni alama ya Kaderdina, wauzaji wa kanga wa Mombasa, na mpaka leo inachapwa, kwa hiyo peke yake haikuambii mwaka.

Sasa ingia kwenye upindo, ule ukingo uliokunjwa na kushonwa. Wapo wanaoanika kanga mpya juani wiki kadhaa ili ionekane imechakaa. Fungua mishono mitatu minne ya upindo kwa ncha ya sindano, uchungulie ndani. Kanga iliyovaliwa miaka mingi hubaki na rangi kali pale ilipokunjwa, na kwingine hupauka pande zote mbili kwa kufuliwa. Iliyopaushwa na jua hupauka zaidi upande mmoja, na mara nyingi ni upande wa uso. Kisha iinue dhidi ya dirisha: kanga ya kazi huwa nyepesi katikati ya mji, pale palipobeba mtoto mgongoni au kukaliwa, na pindo lake linabaki zito. Wepesi huo si kasoro. Kasoro ni kitambaa kinachokatika kwenye mistari ya mikunjo.

Kabla hujaifua, jaribu rangi. Lowesha pamba kwa maji baridi, ibane juu ya nyekundu kwa dakika mbili, halafu nyeusi. Pamba ikitoka na rangi, usiifue kabisa, ipeperushe kivulini tu. Ikitoka safi, iloweke kwenye beseni pana, maji baridi na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, dakika 10 zinatosha. Suuza mpaka maji yawe meupe. Usiikamue! Ilaze juu ya taulo, ikaukie kivulini. Kanga mpya ambayo haijafuliwa ina wanga mwingi, na wanga huwaita mende, basi ukiiweka bila kuifua ikague kila mwezi.

Kuhifadhi, achana na mifuko ya plastiki. Kwa unyevu wa pwani, kanga huota ukungu humo. Tumia kitambaa cha marekani, ile pamba isiyopaushwa, kilichofuliwa mara mbili tatu, ukiviringishe pamoja na kanga kwenye bomba la karatasi. Kama lazima ukunje, badilisha mikunjo kila baada ya miezi michache. Udi na asumini weka nje ya kifurushi, kwani mafuta yake huacha madoa ya njano yasiyotoka.

Ukutani, misumari na pini zitaacha kutu, na gundi ni adui. Shona ukanda wa pamba wa sentimeta 8 nyuma ya ukingo wa juu, kwa mishono mikubwa inayoshika nyuzi kidogo kidogo, upitishe fimbo ndani yake. Tundika mbali na dirisha, na baada ya miezi mitatu ishushe ipumzike, uweke nyingine.

Umesema pia unatafuta mawazo ya michoro yako. Usinakili kanga nzima. Nakili kona. Kwenye pindo refu, michoro ya umbo la korosho inafuatana tu, lakini korosho hizo zikifika pembeni lazima zigeuke, na hapo ndipo utamwona mchoraji anafikiri. Mwingine hukata korosho nusu, mwingine huweka kisanduku chenye ua, mwingine huziinamisha zikutane vichwa. Kona 10 zilizochorwa kwa penseli zitakufundisha mpangilio kuliko kutazama mia.

Na ukinunua kwa mama yeyote mzee, keti naye kidogo. Muulize aliipata kwa nani, siku gani, na jina lile lilikuwa salamu au kijembe. Wifi akimpa wifi kanga yenye kijembe, maana yake iko kati yao wawili, haisomeki kwenye kitambaa. Yaandike siku hiyo hiyo. Jina liandike kama lilivyochapwa, hata herufi ikiwa imekosewa. Kalamu ya wino isiguse kanga: andika kwa penseli kwenye utepe wa pamba, uushone kwenye upindo kwa mishono miwili.

Zile za bibi yako ziko kwangu, doti sita. Ukija likizo tutaanza na ile nyekundu, pamba na beseni vipo tayari.

Mama yako