Mzio wa Vumbi: Ni Utitiri au Bakteria Walio Ndani Yake?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Kila ninapoamka hupiga chafya mfululizo, pua ikiniwasha na kutoa kamasi jepesi, na kipimo cha ngozi kimeonyesha kwamba nina mzio wa utitiri wa vumbi. Sasa nimesoma kwamba ndani ya utitiri huo mnaishi bakteria. Je, kinachonisumbua ni utitiri au ni bakteria hao? Na kama ni bakteria, kwa nini nisipewe antibiotiki nikapona?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuletea madhara: usimeze antibiotiki kwa ajili ya mzio huu. Bakteria hao wamo katika mwili na kinyesi cha utitiri, hawakukuambukiza ugonjwa, na dawa utakayoimeza haiwezi kuwafuata godoroni. Itaishia kuua bakteria wenye manufaa tumboni mwako na kuwapa wengine nafasi ya kujenga usugu.

Utitiri ni jamaa ya kupe na buibui, una urefu wa takribani robo ya milimita, na hula magamba ya ngozi yetu yanayopukutika. Hauumi wala haunyonyi damu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba chanzo kikuu cha mzio wa vumbi la nyumbani ni utitiri wa jenasi ya Dermatophagoides, na leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya tatizo imo katika kinyesi chake: punje za takribani mikromita 20 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zilizosheheni vimeng'enya vya utumbo. Kimojawapo, Der p 1, hukata viungio vinavyoshikanisha seli za utando wa njia ya hewa na kujifungulia njia ya kupenya. Punje hizo ni nzito, hivyo hutua upesi, lakini wewe umelaza uso juu ya mto usiku kucha, na kila unapojigeuza unazitimua. Ndiyo maana chafya zako ni za asubuhi.

Bakteria wanaingia hapa. Baadhi yao humezwa pamoja na chakula, wengine, kama Cardinium, huishi ndani ya seli za utitiri wenyewe. Wengi wana ganda la nje lenye endotoksini, kemikali ambayo kinga yetu huichukulia kuwa ishara ya uvamizi. Seli zetu huipokea kwa kipokezi kiitwacho TLR4, kikisaidiwa na protini iitwayo MD-2. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliotumia seli na panya, ulionyesha jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha swali lako: protini ya utitiri iitwayo Der p 2 inafanana na MD-2 kwa umbo na kwa kazi, kiasi kwamba inaweza kuibeba endotoksini na kuamsha TLR4. Protini ambayo pengine kinga ingeipuuza inafika ikiwa imefuatana na king'ora.

Hata hivyo, kingamwili za IgE, yaani zile za kinga zinazosababisha mzio, zilizoonekana katika kipimo chako zimelenga protini za utitiri. Bakteria ni wachochezi. Tena uchochezi wao una pande mbili, kwani watoto wanaokulia karibu na mifugo, penye endotoksini nyingi, huwa na mzio kwa uchache, ilhali kwa mtu ambaye tayari ana pumu endotoksini hiyohiyo humzidishia hali. Kwa hiyo siungi mkono kupulizia nyumba nzima dawa za kuua vijidudu.

Ukipunguza utitiri, umepunguza vyote kwa pamoja. Utitiri haunywi maji. Hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu ukibaki chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, na uvishe godoro na mito vifuniko vilivyofumwa kwa kubana. Kuua peke yake hakutoshi, kwa sababu utitiri uliokufa huacha protini zake, na endotoksini huhimili joto. Lazima vitu vifuliwe. Dawa za kupunguza histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na mwasho, na za kupulizia puani husaidia, na tiba ya kuuzoesha mwili protini za utitiri, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 5, unaweza kuizungumza na daktari wako. Ukianza kukohoa usiku au kifua kutoa mlio, usisubiri miadi hiyo. Nenda upimwe pumu.