Kima mweupe au kima nyeupe?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Jumapili tulikwenda magofu ya Gede, tukamwona kima mmoja manyoya meupe tangu mgongoni hadi mkiani, ila uso mweusi na macho ya kahawia kama wenzake. Nikapiga ukelele, 'Kima nyeupe!' Kaka yangu akasema huyo ni nyani zeruzeru. Nani amepatia?" Msomaji, Malindi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jina umelipatia, upatanisho umekuponyoka. Kima ni mnyama, na mnyama hufuata a-wa hata jina lake lisipoanza na m-: kima huyu mweupe, kima hawa weupe. Kwetu Pwani jambo hili lina uzito, maana tuna kima wa mtini, kima ya sambusa na kima cha chini cha mshahara. Sauti ni moja. Upatanisho ndio unaotupambanulia. Ukiniambia "kima nyeupe", mimi naona nyama ya kusaga kwenye bakuli.

Kaka yako naye amebadili mnyama. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa. Kima wa Gede utamjua kwa baka jeupe la kooni. Nadhani methali ya siku ya kufa nyani ndiyo iliyotuzoesha kumwita nyani kila aparamiaye miti.

Zeruzeru silitumii, nami nakuomba usilitumie. Limewaumiza watu mno. Tunasema mtu mwenye ualbino. Tena kwa kima wenu halifai hata kwa maana. Ualbino kamili ni mwili kukosa kabisa melanini, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, manyoya na macho, hivyo uso nao hugeuka wa waridi na macho hupoteza rangi yake. Wenu rangi imemtoka manyoyani tu, hali ambayo wanasayansi huiita lusizimu. Katika mazungumzo, "kima mwenye manyoya meupe" yatosha. Angekuwa na weupe hapa na pale, ningesema ana mabaka meupe, au ana marakaraka.

Na weupe si kasoro kila mara. Kule Diani mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, uso wa waridi, na weusi humjia baada ya miezi michache. Hilo "pe" lishike: ni la weupe usiochanganyika na kitu, kama "tititi" ilivyo ya weusi. Kwa hiyo mbega mchanga ni mweupe pe, ila kima wenu ni manyoya yake tu yaliyo meupe pe. Uso ungali mweusi.